Chumba cha Baridi katika Nchi ya Yakini

Nchi ya Yakini haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani anaifahamu atakuwa amekosea, maana nchi ile ilikuwa na serikali iliyojua kila kitu, jambo ambalo hapa kwetu halijawahi kutokea.

Zamani Wayakini waliishi kama watu wengine. Walilala bila kujua wataamka na habari gani, na walipoamka walizipokea habari hizo kama zilivyokuja. Kisha ikafika siku ya gwaride la uhuru, mvua ikamnyeshea Mheshimiwa Rais jukwaani mbele ya mabalozi. Kofia yake ya manyoya ya mbuni ililowa ikamlalia usoni kama kuku aliyeokolewa kisimani. Mheshimiwa akauliza kwa nini hakuambiwa. Mawaziri wakatazamana. Mmoja akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakuna aliyejua.

"Basi kuanzia leo," akasema Mheshimiwa huku akipangusa maji machoni, "ni marufuku kutojua."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Uhakika. Ilipewa jengo refu kuliko yote nchini, ambalo zamani lilikuwa hospitali. Maneno "labda," "huenda" na "pengine" yakafutwa vitabuni, na walimu wakaagizwa wasifundishe tena namna ya kusema "ningejua." Redio ikawa inatangaza jua kila siku. Mvua iliponyesha, raia wema walitembea taratibu bila kujikinga, kwa kuwa kuikimbia mvua ambayo haikutabiriwa kulihesabiwa kuwa uchochezi.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Sikujua binti Makame. Jina hilo alipewa na mama yake, aliyeambiwa na watu wa kliniki kwamba alichonacho tumboni ni gesi. Afisa wa Wizara alipopita kuandikisha raia alimshauri abadili jina ajiite Nilijua. Bi Sikujua akamjibu kwamba mama yake ameshafariki na hana wa kumwomba ruhusa. Afisa akaona aibu, akaandika "Bi S."

Bi Sikujua alikuwa mfanyabiashara tangu ujana wake, na hakuna biashara hata moja aliyoianza akijua itafika wapi. Shemeji yake alipohama mji aliacha tanuri lililokuwa zito mno kubebwa, basi yeye akaanza kuoka mikate. Akanunua viti ili wateja wakae, wateja hawakukaa, walichukua mikate yao wakaenda. Siku moja jirani akafiwa, akaja kuazima vile viti. Wiki ile ile akaja mwingine mwenye harusi. Bi Sikujua akavitazama viti vyake kwa jicho jipya, na mwaka uliofuata alikuwa akikodisha viti na maturubai mtaa mzima, na mkate anaoka wa nyumbani tu.

Watu walimwuliza siri yake, naye hakuwa nayo. "Naangalia ndani kwangu kuna nini," alisema. "Naangalia nani ananijua na nani ananiamini. Halafu najiuliza, hiki ninachokitoa kikipotea chote, je, tutakula? Kama tutakula, naanza. Nikishaanza, njia yenyewe inanionyesha." Hakuuliza atapata nini. Alisema hilo ni swali la watu walioshiba.

Mumewe, Kombo Shali, alikuwa fundi wa majokofu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vilivyonukia gesi na grisi, na tabia ya kuweka sikio lake kwenye mashine na kufumba macho kama anayesikiliza mtoto tumboni. Mkewe alikuwa wa kuanza, yeye wa kutengeneza kilichoharibika baada ya kuanza. Hawakujaaliwa watoto. Walichokuwa nacho ni mazungumzo, na hayo hayakuwahi kuwaishia.

Kisha miguu ya Kombo ikaanza kuvimba. Akawa halali bila mito mitatu, na kupanda ngazi za nyumbani kukamfanya asimame katikati kama aliyesahau kitu chini. Daktari akampima, akasema ni moyo mpana.

"Ndiyo maana umeenea humo wewe na kelele zako zote," Kombo akamwambia mkewe, na wote wawili wakacheka.

Bi Sikujua akamwuliza daktari itakuwaje. Kwa sheria ya Yakini daktari alikuwa na majibu mawili tu ya kumpa mgonjwa, "utapona" au "umepona."

"Atapona," akasema daktari, akiitazama sakafu. Akaitazama muda mrefu sana.

*

Wakati huo katika Soko la Mapipa nyanya zilikuwa zinaoza. Zilifika alfajiri zikiwa zimeng'aa, na jua la adhuhuri likizikuta hazijauzwa, kufikia jioni zilikuwa maji. Mwanakheri, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa mkubwa wa wauza nyanya, alizimwaga mtaroni akizitukana moja moja kwa majina ya mawaziri, kwa sauti ya chini.

Jioni moja alipita kwa Bi Sikujua, akamkuta Kombo amekaa kibarazani miguu juu ya kigoda.

"Shemeji," akasema Mwanakheri, "wewe unayepoza maji ya watu, huwezi kutupozea nyanya?"

Ilikuwa maskhara. Kombo hakucheka. Akasema, "Nyuma ya karakana kuna bodi la lori la samaki. Shomari aliliacha lilipopinduka. Kuta zake nene bado."

Bi Sikujua aliyekuwa akichambua mchele akauacha mkono wake ndani ya ungo. Alimjua mumewe. Hakuwa amemwona na uso ule tangu miguu ilipoanza kuvimba.

Hivyo ndivyo kilivyoanza chumba cha baridi. Shomari, dereva, akasema lile bodi kwake ni makazi ya paka, walichukue, naye wakimpa hifadhi ya mananasi yake watakuwa wamelipana. Mwanakheri akatoa kipande cha uwanja nyuma ya meza yake. Maseremala wakatoa pumba za mbao za kuzibia kuta palipotoboka. Kila mwuza nyanya alileta kile ambacho kikipotea hatalia. Kwa wengine ilikuwa bati, kwa wengine nguvu za mikono. Hakuna aliyejua kama kitafanya kazi. Walijuana wao kwa wao tu, na kwa Bi Sikujua hilo lilitosha.

Kwa Wizara halikutosha. Hakuna biashara iliyofunguliwa Yakini bila Cheti cha Uhakika, na cheti kilitolewa na Bodi, na Bodi iliongozwa na Dakta Thabiti Makadirio, mtu mpole, mnadhifu, ambaye hakuwahi kuuza hata karanga lakini alijua hatima ya kila duka.

Walikwenda wote, Bi Sikujua, Kombo, Mwanakheri na Shomari. Kwenye benchi la kusubiri walimkuta kijana wa suti aliyekuwa ametunukiwa tuzo ya Mwekezaji wa Mwaka kwa kiwanda chake cha matrekta. Mwanakheri akamwuliza kiwanda kiko wapi. Kijana akamjibu kwa upole kwamba kipo mwaka wa nne wa mpango, na kwa sasa ni uwanja wa mpira.

Ndani, Dakta Thabiti aliwakaribisha chai. "Biashara," akasema, "ni sayansi ya kutoshtuka. Mfanyabiashara anayeshtuka amelidanganya taifa. Haya. Katika miaka mitano ijayo, ni lini nyanya zitakuwa nyingi na ni lini zitakuwa chache?"

Bi Sikujua alitaka kusema kwamba hilo wanalijua funza na mvua. Lakini alikuwa amewaona waliomtangulia wakitoka na nyuso zilizoanguka, na alikuwa akisikia pumzi ya Kombo kando yake, fupi, yenye mluzi. Akataja miezi. Dakta Thabiti akafurahi. Akauliza nani atanunua, akajibiwa. Akauliza umeme utakatika lini, akajibiwa kwamba haukatiki, na wajumbe wa Bodi wakapiga makofi gizani, kwa kuwa ulikuwa umekatika.

"Swali la mwisho," akasema Dakta Thabiti taa ziliporudi. "Mradi huu unamtegemea fundi mmoja. Je, Bwana Kombo Shali atakuwa hai kwa muda wote wa mpango?"

Kombo akakohoa. Alikuwa mtu mkweli kwa namna inayochosha. Akafungua mdomo, na mkewe akaliona neno "sijui" likija kama gari lililokatika breki.

"Atakuwa hai," akasema Bi Sikujua.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Muhuri ukagongwa. Kombo akageuka kumtazama mkewe, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtazama vile.

Walipofika nyumbani Kombo akakaa kibarazani, akavua viatu vilivyokuwa vimemkata nyama.

"Maisha yako yote hujawahi kumwambia mtu kesho itakuwaje," akasema. "Hata mimi uliponikubali uliniambia, tujaribu."

"Ningesema nini, Kombo? Wangetufungia pale pale."

"Ungeniacha niseme mimi."

"Nataka ukiwashe." Akaviokota vile viatu. "Nataka ukiwashe mwenyewe, ukisikilize kinavyounguruma. Cheti cha kweli kingekuja lini? Ningekwenda kukionyesha wapi, kaburini?"

Kombo akamshika mkono. Hawakulizungumza tena jambo lile.

*

Mara ya kwanza walipowasha, mota ikaungua na moshi wake ukafukuza wateja wa soko zima. Mara ya pili baridi ikazidi, asubuhi nyanya zilikuwa mawe. Wanawake wakashika vichwa. Bi Sikujua akaiokota moja, akaigonga mezani, ikalia ko, akakaa akiifikiri. Kisha akawaita mama ntilie wa stendi, wakaja wakazinunua zote, maana nyanya iliyoganda ikiyeyuka inajimenya yenyewe na haina haja ya kusagwa. Tangu siku hiyo pembe moja ya chumba ikaachwa iwe ya kugandisha, na hakuna aliyekuwa ameipanga.

Mara ya tatu Kombo aliweka sikio ukutani, akafumba macho, akazungusha kitu kidogo kwa bisibisi. Akasikiliza tena. Akafungua mlango, ubaridi ukatoka ukawapita miguuni kama maji. Mwanakheri alipiga vigelegele. Kombo akakaa chini palepale kwenye saruji, akicheka bila sauti, mkono juu ya kifua, na mkewe akakaa kando yake, akamwegemea mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Habari zikamfikia Waziri wa Uhakika, akaja kufungua kile ambacho kilikuwa kimefunguliwa tangu mwezi uliopita. Alikuja na bendi.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Nyanya hizi mnazoziona hapa, Serikali ilizijua kabla hazijapandwa! Iliijua mbegu, ikamjua mpandaji, ikaijua na mvua iliyo—" Msaidizi akamnong'oneza. "Ikalijua na jua, ambalo liliinywesha ile mbegu mpaka ikaota! Wapo wanaodai kwamba chumba hiki kilianza kwa kubahatisha. Nasema, hakuna bahati Yakini! Bahati tuliishinda katika mpango uliopita!"

Kombo alivishwa nishani ya Mwananchi wa Uhakika, picha yake ikatoka gazetini. Alikuwa amekonda sana. Gazeti liliandika kwamba anang'aa.

Alifariki siku ya Alhamisi, asubuhi, sokoni. Mpira wa mlango wa chumba ulikuwa umelegea, akawa ameinama kuubandika upya. Akasema, "Sikujua, nipe ile gundi." Alipompa hakuipokea. Alikuwa ameegemea mlango, macho yamefumbwa, sikio limegusa ukuta, na Bi Sikujua akasimama na gundi mkononi kwa muda mrefu, akimsubiri amalize kusikiliza.

*

Ofisi ya Vizazi na Hatima ilikuwa ghorofa ya chini ya Wizara. Karani wa dirishani alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu amefariki leo. Nimekuja kuchukua kibali cha kuzika."

"Oh, pole sana, mama." Akabonyeza kompyuta, akasoma, akasoma tena. Akajikuna shingo. "Mama, naomba nirudishe ile pole."

"Unasemaje?"

"Mumeo yuko hai. Imethibitishwa na Bodi, mpaka mwisho wa mpango."

"Mwanangu, nimemwacha mkekani. Wanaume wa mtaa wanamwosha."

"Basi wanamwosha mtu aliye hai," akasema karani kwa huruma. "Si kosa. Lakini wasimzike. Kumzika mtu aliye hai, mama, hiyo ni kesi ya mauaji."

Akapandishwa juu kwa Dakta Thabiti, aliyempa kiti, akampa chai, akamwambia anaelewa. Kweli alionekana anaelewa, na hilo ndilo lililotisha.

"Kwa upande wa mwili sikatai, kuna jambo limetokea," akasema. "Lakini kwa upande wa taifa Bwana Kombo hajafa. Akifa, utabiri wa Bodi umekuwa wa uongo, na Bodi haisemi uongo. Kwa hiyo ni wewe uliyesema uongo. Unataka kukiri? Ukikiri, utapata kibali leo hii."

"Nakiri," akasema Bi Sikujua papo hapo.

"Subiri. Ukikiri, chumba kitafungwa na kuvunjwa. Wenzako waliokuja nawe mbele ya Bodi watashtakiwa kwa kutojua kwa makusudi. Yule mama mnene, na dereva. Sheria imekaa hivyo, siyo mimi." Akamsogezea sukari. "Fikiri vizuri, mama. Mwezi wa joto huu."

Bi Sikujua alirudi sokoni kwa miguu. Alipopita, watu waliokuwa wanakuja kumpa pole walimwona askari wa Wizara akitembea nyuma yake, wakageuza neno wakampa habari za mchana. Akazijibu zote. Njema. Njema. Njema.

Askari alipogeuka kurudi Wizarani, aliwaeleza Mwanakheri na Shomari kila kitu, amesimama, bila kulia. "Nakwenda kukiri," akamaliza. "Chumba tulikianza bila kujua, na kikienda kimekwenda. Lakini nyie siwezi kuwatoa bila idhini yenu. Semeni nyie."

Shomari akatazama pembeni. Mwanakheri akauliza, "Yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Ameshavikwa sanda. Jua hili, Mwanakheri. Jua hili!"

Mwanakheri alivua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akaingia chumba cha baridi, akatoka na tenga la nyanya, akaliweka juani. Akarudi akatoa jingine. Wenzake walimtazama, kisha mmoja akaamka, na mwingine, mpaka wauza nyanya wote wakawa kwenye mstari wakipokezana.

"Zitaoza," akasema Bi Sikujua.

"Zilikuwa zikioza kabla ya Kombo," akasema Mwanakheri. "Na zioze leo."

Wakapiga deki sakafu. Wakatandika mkeka mpya. Wanaume wakamleta Kombo kwenye gari la Shomari, wakamlaza nyuma ya ukuta aliouegemezea sikio asubuhi ileile, mlango ukafungwa. Nje nyanya zilikuwa nyekundu juani, chungu nzima, na hakuna mteja aliyeuliza bei.

Bi Sikujua akakaa chini, mgongo kwenye mlango. "Ulimi wangu ndio uliomweka humo," akasema.

"Tulikuwa sote mbele ya Bodi," akasema Mwanakheri akikaa kando yake. "Nani alikupinga?"

Na pale mlangoni Bi Sikujua akajikuta akifanya kile alichokifanya maisha yake yote, ingawa hakukitaka. Akaanza kutazama kuna nini. Shomari alikuwa na gari. Maalim Hatibu wa msikiti wa mtaani alikuwa mzee asiyemwogopa mtu tangu alipozika wanawe. Mwanakheri alikuwa na shamba la nyanya nje ya mji.

"Shamba lako," akasema taratibu, "lina mahali ambapo hapalimwi?"

Mwanakheri akageuka akamtazama. "Lina."

"Wakijua, ni mauaji. Sijui kama watajua."

"Hata mimi sijui," akasema Mwanakheri. Likawa neno la kwanza la ukweli Bi Sikujua kulisikia siku nzima, akaushika mkono wa shoga yake, akaung'ang'ania.

*

Waliondoka jua likichomoza. Kombo alilazwa nyuma ya gari juu ya godoro, ameachwa uso wazi, blanketi mpaka kidevuni, na mkewe amekaa akiwa amempakata kichwa. Pembeni yalipangwa matenga matupu. Kwenye kizuizi cha barabara askari akasimamisha gari.

"Mnakwenda wapi?"

"Shambani," akajibu Shomari, mikono imeganda kwenye usukani.

Askari akazunguka nyuma, akachungulia. Akamtazama Kombo, akakunja uso, kisha uso ukafunguka. "Huyu si yule Mwananchi wa Uhakika? Wa gazetini?"

"Ndiye," akasema Bi Sikujua.

"Amelala?"

Bi Sikujua aliuweka mkono wake juu ya paji la uso la mumewe, lililokuwa la baridi kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa. "Amelala," akasema.

"Amechoka, maskini. Kazi ile si mchezo." Askari akapiga saluti, akaishikilia mpaka gari likaanza kwenda. "Akiamka mpeni salamu zangu!"

Walimswalia wachache kati ya matuta. Maalim Hatibu alisoma kwa sauti ya kawaida, hakunong'ona kama mwizi. Hapakuwekwa jiwe, maana mtu aliye hai hawekewi jiwe. Mwanakheri alitaka kupanda kitu juu yake, Bi Sikujua akakataa. Akasema paachwe tu.

Na hakuruhusiwa hata kukaa eda. Mke wa mtu aliye hai, mwenye nishani, angeonekana amekaa ndani na nguo za msiba kwa sababu gani? Siku ya tatu alikuwa sokoni, amevaa dera la maua, anapokea nyanya. Wateja walimwuliza fundi hajambo, akawajibu hajambo. Usiku alitandika mito mitatu upande wa Kombo, kisha akaiondoa. Chumba kilifanya kazi vizuri. Kilipougua alimwita fundi kutoka mji wa pili, kwa siri, na alipouona ule mkono mgeni ukishika bisibisi alitoka nje akaenda kununua kitu ambacho hakukihitaji.

Wizara haikumsahau Kombo. Kila Sikukuu ya Uhakika alipelekewa kadi ya kumtakia maisha marefu. Na mwaka ulipogeuka alitumwa afisa wa uhakiki, msichana mwenye mkoba mpya, aliyesimama mlangoni pa chumba cha baridi na kuamkia vizuri.

"Nimekuja kumhakiki Bwana Kombo Shali. Yuko?"

"Hayuko," akasema Bi Sikujua. "Yuko shambani."

"Anaendeleaje?"

"Hasumbuliwi na kitu."

"Miguu? Hapa wameandika alikuwa na miguu."

"Haimwumi tena."

Msichana akatabasamu kwa dhati, akaandika. "Hongera, mama. Wengine wanapata taabu sana na waume zao. Atarudi lini?"

Bi Sikujua akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake lilikuwa jibu la uhakika kabisa, lisilo na labda ndani yake. Akashika kitasa cha mlango.

"Niandike kesho?" msichana akamsaidia.

"Andika kesho, mwanangu."

Msichana akaandika, akaaga, akaenda zake kati ya meza akiruka madimbwi. Bi Sikujua akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Kisha akageuka, akaingia chumba cha baridi, akauvuta mlango mzito nyuma yake.

Kumlilia mtu aliye hai lilikuwa kosa la jinai Yakini. Kuta za lile bodi zilikuwa nene, lakini hazikuwa nene kiasi kile. Mwanakheri, aliyekuwa mezani kwake, aliisikia sauti ya kwanza ikipenya. Askari wa Wizara alikuwa anapita na muwa mkononi. Mwanakheri akainuka, akashika nyanya mbili juu, akaanza kunadi kwa nguvu zote za kifua chake. Wa meza ya pili akamsikiliza kidogo, akaelewa, naye akapaza. Wa tatu akapokea, na wauza vitunguu, na wauza samaki ng'ambo kule ambao hawakujua kuna nini, mpaka Soko la Mapipa lote likawa linapiga kelele za bei. Waliendelea hivyo, sauti zikiwakauka, hadi mlango ulipofunguliwa.